Kipima Upepo cha Mutua

Jumanne, Kathiani

Ati mashine ilisema hakuna upepo! Hicho ndicho kisingizio cha jirani yangu Mutua, baada ya dawa aliyopulizia miembe yake kupeperushwa mpaka kwenye mizinga yangu na kuua nyuki.

Dukani alichagua kipima upepo cha bei ya juu, chenye vikombe vitatu vidogo. Upepo ukivuma vikombe vinazunguka, na namba zinapanda. Kifaa kizuri, sikatai. Lakini alikipimia wapi? Nyuma ya tangi la maji, mahali hata unyoya hautikisiki! Na hapo kando, nguo za mkewe zinapepea kwa kamba kuelekea kwangu.

Hata ununue cha bei gani, kitakuambia tu upepo wa pale umesimama.

Ni mzinga mmoja tu ambao bado unavuma. Naogopa asubuhi nikiamka…

Nilimpelekea Mutua sufuria yenye nyuki waliokufa.

“Woi, Mama Mwende, nisamehe. Lakini mimi nilipima.”

“Ulipima, sawa. Na mbona ulikuwa unapuliza kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshikilia kofia?”

Akaivua kofia.