Siku Ulipomuuliza Mtahini Swali

Baba yangu mpendwa,

Jana nilipita Bukoto, hapa Kampala, kwenye zile fleti ulizolinda geti lake, nikajikuta nacheka peke yangu barabarani. Nilikumbuka mtihani wako.

Wenye fleti walitaka kukufanya mkuu wa walinzi, kwa sharti moja: ulete cheti cha kujua kusoma na kuandika. Kiswahili ulikisoma tangu jeshini. Wewe ndiye uliyewasomea wenzako barua zao. Lakini mtihani wa watu wazima ulikuwa wa Kiingereza, basi ukaingia darasa la jioni, tukawa tunagombania raba mezani, mimi na wewe.

Ukafeli. Kesho yake ukapiga pasi shati, ukanishika mkono twende kwa mtahini. Habari mliyopewa kusoma kwenye mtihani ilimhusu mtu wa Ulaya, asubuhi ya baridi kali, anavaa glavu kabla ya kutoka. Kwa nini amezivaa? Wewe, bondia wa kikosi, uliandika: anakwenda kupigana.

"Mwalimu," ukamwambia yule mama, "hii neno glavu, mimi nimesoma ama sijasoma?"

"Umesoma, mzee."

"Sasa nimefeli kusoma, ama nimefeli baridi?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaisoma karatasi yako upya, akasema atakuongezea alama upite. Nami nilishaanza kutabasamu, ukakataa!

"Mama Zubeda naye amefeli," ukasema. Yule mwenye duka, mwanafunzi mwenzako, aliyesoma Kurani kila alfajiri. "Darasa yote imefeli hiyo baridi. Tupime wote tena."

Nilikununia njia nzima. Nafasi yako ingeweza kuchukuliwa na mtu mwingine, nawe unatembea ukipiga mluzi.

Mwezi uliofuata mliitwa tena. Kiingereza kilikuwa kilekile, ila safari hii mlisoma habari za soko, zahanati na mvua ya Kampala. Mlipita karibu wote. Mama Zubeda alituletea sinia la pilau, nawe ukala umevaa kofia mpya ya mkuu wa walinzi, mama yangu akikusihi uivue.

Tangu ututoke, nyumba imepoa kidogo. Mimi sasa nafundisha watu wazima hapa Kansanga, na nilidhani nimekuwa mtu wa haki kama wewe. Wiki iliyopita fundi cherehani mmoja, Mkongomani, alisimama akalalamikia swali nililolitunga mwenyewe. Nilianza kumkatiza. Halafu nikaona haya, nikamvutia kiti.

"Keti, dada. Nieleze ulivyolielewa."

Alinieleza taratibu, kidole kikifuata kila neno. Haki ilikuwa yake, Baba: maneno aliyasoma sawasawa, ila swali lilimtaka ajue mambo ya mtu aliyekulia Kampala. Nililifuta swali langu kwa wino mwekundu, mbele ya darasa zima, wakanipigia makofi.

Lala kwa amani, mzee wangu.

Binti yako, mwalimu