Majani Niliyoyageuza Manjano

Valthermond, Drenthe
Uholanzi
12 Machi

Mpendwa Reinder,

Pokea salamu zangu, wewe, Claire na mtoto Fenna. Natumaini theluji ya huko imeanza kuyeyuka na kifua cha Fenna kimepona. Mimi si mzima. Moyo umechoka, miguu imevimba, na ngazi za kwenda chumbani siziwezi tena. Nalala sebuleni, karibu na dirisha linalotazama mfereji. Daktari ni kijana mwenye adabu. Nilipomwuliza kama nitaiona Mei, aliangalia viatu vyake.

Katika kila barua niliyokuandikia, hapa ndipo ulipopata salamu za shangazi yako. Leo sina za kukupa. Nimekuficha jambo, Reinder. Shangazi yako Aaltien, mke wangu, hayupo. Alifariki Juni mwaka jana, na salamu zote ulizopokea baada ya hapo nilizitunga mimi.

Umeniandikia kwamba umekata tiketi ya Mei uje umwone, na kwamba unamletea ile asali ya utomvu wa miti ya huko kwa sababu inateleza kooni. Nilipofika hapo nilishindwa kuendelea kusoma. Siwezi kukuacha upande ndege na chupa hiyo kwenye mkoba. Soma barua yote, halafu uamue kama bado kuna mtu wa kumjia.

Nianze na majani, maana bila hayo nisingekuwa na barua yako hata moja.

Siku niliyopanda darini nikakuta mimea yako ya bangi chini ya taa unaikumbuka kuliko mimi. Niliing'oa nikaitupa mferejini mbele ya majirani, nikasema nyumba yangu si ya wahuni. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Shangazi yako, aliyekulea tangu kaka yake, baba yako, alipokufa, alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Ukaenda Kanada. Miaka yote hiyo simu zako zilikuwa zake. Nikipokea mimi, ulisema tu, "Nipe shangazi."

Kisha saratani ya koo ikamnyang'anya sauti, na maumivu yakafuata. Mimi niliyelisha samaki mimea yako nikaotesha mitano katika kibanda cha kioo, idadi ambayo polisi wa hapa hawaulizi, ili nimtengenezee matone ya kumlaza. Aaltien alicheka mpaka machozi, kicheko kisicho na sauti. Akachukua kile kibao alichokuwa akiandikia, akaniandikia, "Mhuni mzee."

Mwishoni mwa Mei majani ya chini yalianza kuwa manjano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani. Nimefundisha somo la udongo katika shule ya kilimo maisha yangu yote. Nilijua ni upungufu wa magnesiamu, na nilijua umetoka wapi. Nilijaza vyungu udongo mweusi wa kinamasi chetu, mbichi, karibu bila chokaa. Mtu wa hapa, ambaye babu zake waliuchimba udongo huo, wakaukausha na kuuza kama kuni, haiingii akilini mwake kwamba kuna mmea unaoweza kuukataa. Ni mchachu mno. Chakula kimo, mizizi haiwezi kukichukua.

"Mwulize Reinder," Aaltien akaandika.

"Nimwulize nini? Najua."

"Najua unajua. Mwulize."

"Atanicheka."

Akafuta kibao kwa mkono wa sweta, akaandika kwa herufi kubwa: "NDIYO MAANA."

Basi nikachora jani kwa penseli za rangi, nikakuandikia kama mtu asiyejua kitu. Mwishoni nikaongeza kwamba shangazi yako anaendelea vizuri. Hata siku hiyo haikuwa kweli.

Jibu lako lilifika siku moja baada ya mazishi. Kurasa nne! "Mwalimu," uliandika, "wewe uliyewapikia samaki mimea yangu, leo waniuliza habari za jani? Haya, kaa chini, toa daftari, na usinung'unike." Ukanieleza nisiongeze mbolea, maana jani la manjano si lazima liwe na njaa, nipime kwanza uchachu wa udongo, niweke chokaa kidogo kidogo, ninyunyize chumvi ya magnesiamu kwenye majani asubuhi. Ukamaliza, "Mbusu shangazi. Niandikie jani linaendeleaje."

Niliisoma mezani peke yangu. Vipande vya keki ya msiba bado vilikuwa kwenye sahani. Hukuwahi kuniandikia mimi, hata kadi ya sikukuu. Nilitoa karatasi ili nikuambie. Nikaandika kwamba jani linaendelea.

Lilikuwa limepona, maana dawa niliijua na niliitia mapema, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yangu. Mmea ukipona, barua imekwisha. Kwa hiyo Julai niliumwagilia wa pili asubuhi na jioni mpaka majani yakalegea na kuvimba, nikakuchorea. Ukaniambia niinue chungu kabla ya kumwagilia: kikiwa kizito, nikiache. "Unazamisha mizizi, mjomba. Hata mferejini mimea yangu ilipata hewa zaidi." Agosti niliulisha wa tatu mbolea mpaka ncha za majani zikaungua. Wa nne niliuzidishia nitrojeni, majani yakawa kijani kizito na kujikunja kama kucha. Hapo ulikosea. Ulisema ni kiu. Labda mchoro wangu ulikuwa mbaya. Nilifuata neno lako nikamwaga maji, na mche ukafa. Sikukusahihisha. Nimesahihisha vijana maisha yangu yote, na safari hiyo nilifurahi kunyamaza.

Nilikuwa nikiingia kibandani na kopo la maji nikijua ninakwenda kuutesa mmea mzima ili wewe uniite mjomba.

Huku kwetu, unajua, mtu akifa jirani wa kwanza ndiye anayetembea nyumba kwa nyumba kupeleka habari, wafiwa wasisumbuke. Jannes, jirani yetu, alikuja na koti lake jeusi, akaketi jikoni kutaja watu.

"Na kijana wa Kanada?"

"Huyo niachie."

"Lammert, hiyo kazi yangu. Tangu lini mfiwa akajitangazia msiba?"

"Nimesema niachie!"

Akanitazama, akamaliza kahawa yake. Julai aliniuliza ulipokeaje habari. Nikamwambia ulilia sana. Tangu hapo kila akiiona bahasha yako ananiuliza kwa upole, "Kijana anaendeleaje? Amejikaza?" Mkewe Roelie alikuandikia kadi ya rambirambi, akaniomba niandike anwani. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Imechelewa kwa sababu yangu, si yake.

Mavuno ya Oktoba niliyaanika darini. Hayana mtu. Nilikuandikia kwamba matone mapya yanamfaa kuliko ya mwanzo, nawe ukajibu kwamba umefurahi mpaka ukamsimulia Claire mezani.

Majira yote ya baridi tumebishana kuhusu cha kuoteshea mwaka huu, na leo nikupe jibu la kweli. Wewe ndiye mwenye haki. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanapitisha maji na kuacha hewa, hayana uchachu wa kinamasi. Ila hushika kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo lazima mtu aviongeze tangu mwanzo. Vitofali vya nyuzi za mawe, vile vinavyotumika badala ya udongo, ni vya mtu anayekaa karibu navyo kutwa. Akisahau siku moja, mmea umekauka. Na udongo wangu ungefaa kabisa kama ningeutilia chokaa ya kutosha kabla ya kupanda. Uliponiita "mzee wa kinamasi" nilicheka peke yangu, nikageuka kumwonyesha Aaltien barua. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Mwaka huu sitaotesha. Nikiondoka, vyungu na kibanda ni vyako, pamoja na saa ya ukutani ya baba yako, ambayo shangazi yako hakuruhusu mtu mwingine aitie ufunguo. Jannes ana ufunguo wa nyumba. Kaburi liko upande wa kusini wa kanisa, mstari wa pili. Nimeacha nafasi yangu pembeni yake, na hata hilo sijui kama nalistahili.

Nisalimie Claire, na mwambie Fenna picha yake ya farasi ipo ukutani, shangazi yake mkubwa aliibandika mwenyewe Aprili. Jannes na Roelie wanakusalimu. Mungu awalinde nyinyi watatu, akupe moyo mpana kuliko wangu, na Fenna asikue katika nyumba ambayo watu wawili hawasemezani.

Nilidhani nitaishia hapa. Jana niliifunga bahasha. Asubuhi hii nimeichana, kwa sababu ukija Mei ukanikuta hai, utaniuliza kama alikutaja.

Alikutaja. Juma lake la mwisho aliandika, "Mwite Reinder." Simu iko ukumbini na namba yako iko juu yake. Nilikwenda nikaishika. Lakini kukupigia kulikuwa ni kuanza na msamaha, na mbele yako mdomo wangu haukuwahi kujifunza neno hilo. Nikairudisha. Nikarudi kitandani kwake nikamwambia nimeshazungumza na wewe, uko njiani. Akanishika mkono akaubusu. Kwa siku tatu kila gari lilipopunguza mwendo kwenye daraja aligeuza uso mlangoni. Nikasema ndege imechelewa. Nikasema kuna ukungu. Aliniamini.

Sikukupigia, Reinder. Shangazi yako alikufa akikusubiri.

Mimi nikupendaye, ingawa nimechelewa kulisema,
Mjomba Lammert