Vifundo Vitatu

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba. Hapa Ngara sote tu wazima. Mguu wa babu yako umepungua kuuma, na maharage tumeshaanika.

Sasa nawe ni nesi, unauliza niliwezaje kujaza kadi za wagonjwa wodi ikiwa imefurika. Mwanzoni sikuweza. Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa nesi mpya kwenye zahanati ya kijiji cha ujamaa, upande wa Biharamulo. Wenzangu walipelekwa kuhudumia askari, nikabaki peke yangu. Nikajifanya mjanja: kila sindano niliyochoma niliiandika kiganjani, ili jioni ninakili kwenye kadi.

Mchana mmoja akaja mama wa kujifungua. Nikanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Niliporudi kwa mtoto mmoja aliyelazwa kwa malaria, kiganja kilikuwa kitupu. Je, nilishamchoma kwinini ya tatu? Kurudia kungeweza kumuua, na kutomchoma pia kungeweza.

Nikamuuliza mama yake, ambaye hakujua kusoma. Akachomoa kamba ya mgomba kiunoni.

“Kila ukimchoma nafunga kifundo, nesi. Hiki cha tatu ni cha leo asubuhi.”

Nikaijaza kadi palepale. Tangu hapo sikumwacha mgonjwa kabla ya kuandika, hata waliosubiri wakigomba. Na wewe watakuita mzito. Waache wakuite.

Mtoto alipopona, mama aliniachia ile kamba. Niliivaa shingoni, kalamu ikining'inia, mpaka ikakatika. Wewe tafuta yako.

Bibi yako, Anastazia