Rangi Niliyompaka Jumwa

Kambi ya Ukaguzi,
Karibu na Msambweni,
Kwale.
9 Machi 1964

Mpendwa dada yangu Kache,

Shikamoo. Natumaini hujambo, mgongo umepata nafuu, na mvua imewakumbuka huko Ganze. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasikia.

Usishangae hati hii nzuri, si yangu. Nimefungiwa ndani ya seng'enge pamoja na wagonjwa, na karatasi niliyoishika hairuhusiwi kutoka. Mimi nasema, na Waziri, dresa wa hapa, anaandika akiwa nje.

Tangu mapinduzi ya Unguja watu wanashuka pwani hii na mafurushi yao. Niliacha kukata miwa nikaajiriwa kambini. Waziri huwatazama macho, ulimi na ngozi, huwapima homa, huwachanja ndui. Aliye salama huja kwangu, nami humpaka rangi ya zambarau kwenye kifundo cha mkono. Mlinzi wa lango akiiona humpisha. Mwenye homa hulazwa banda la pembeni siku kumi na nne.

Mwanao Jumwa alishuka mwishoni mwa Ramadhani, peke yake. Mumewe Makame alibaki huko, na hatujui kama yu hai. Nilipomshika mkono ulikuwa wa moto. Akaniambia, "Mjomba, nikiingia banda lile, mama utampelekea kanga zangu tu." Nikampaka rangi kabla hajafika kwa Waziri.

Nilimpeleka kwa Mwanatumu, mjane aliyekuwa akitupikia sisi vibarua wa miwa. Akanicheka: "Thoya, miaka minne nakulisha, leo ndiyo umeniletea wa kunikunia nazi, naye hata kusimama hawezi!" Akampa kitanda chake, yeye akalala mkekani. Siku ya tatu Jumwa akatoka vipele. Ilikuwa ndui. Nikambeba nikamrudisha kambini, nami nikafungiwa humu pamoja naye.

Daktari alimkaripia Waziri mbele yetu sote kwa kumpitisha mgonjwa. Mimi nikamwacha abebe kosa langu.

Hapa Waziri ameacha kuandika. Ameniuliza, "Yaani ni wewe?" Nimemwambia aandike na hilo pia. Anasema atamwambia daktari. Ana haki.

Dada, Jumwa amepona. Uso umejaa makovu na jicho la kushoto lina ukungu, lakini anakula na anakuulizia. Mwanatumu hakuwahi kuchanjwa. Aliugua baada ya Idi, akaletwa humu, nikawa nampa maji. Alhamisi alikufa. Aliyemwosha si wa kwao, na binti yake Esha alitazama mazishi kutoka mbali.

Jumwa akiruhusiwa atakuja huko. Mchanjwe nyote kabla hajafika, hata Mzee Ngala anayeikimbia sindano. Siku za kwanza usimpe kioo. Na tafadhali usichinje mbuzi kwa ajili yangu, wala usiwaambie watu kwamba nilimwokoa.

Nisalimie Mzee Ngala, Rai na wanawe, na Bibi Mwinga. Mungu awakinge na maradhi haya, na njaa isipite mlangoni penu.

Limebaki moja. Esha huniletea uji langoni kila asubuhi. Ananiita baba, anasema mimi na yeye tumepatwa na msiba pamoja. Nimeunywa uji huo siku nne. Kesho nitamwambia habari ya rangi ile kabla sijapokea bakuli.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Thoya