Mkufu wa Nkambo

Bruxelles, 9 Mei 2014

Yaya Séraphin,

Maman anakusalimia, magoti yanamsumbua. Gauni ya harusi ya binti yangu Keren iko tayari kwa mshonaji, Porte de Namur.

Bon, kipimo cha DNA kimejibu: mimi na mzee mmoja Mortensen wa Denmark tuna damu moja ya upande wa baba. Yule kapiteni mzungu aliyetuachia jina ni nkambo wetu kweli, mzee wa ukoo wetu. Mzee amenitumia picha ya huyo kapiteni. Nkambo mwanamke, yule bibi aliyezaa naye, amesimama kando, mnyororo shingoni, kufuli kifuani. Yaya, ile hadithi yako kwamba kapiteni alimtolea mahari, usiisimulie tena harusini.

Mzee nilikuwa nimekwisha kumwalika. Sasa amemwandikia Keren kwamba atamletea mkufu wa nkambo mwanamke, ule wa kwenye picha. Keren hajaona picha. Ameahidi kuuvaa.

Mdogo wako,
Dady Mortensen