Kapeti Nililobandika Mwenyewe

Jumamosi, mwezi wa sita. Saa kumi jioni, ukungu.

Simu iko juu ya cherehani, kioo kikinitazama. Ukungu umeshuka Mbinga tangu saa nane na haujaondoka. Kahawa ya jirani iliyoanikwa uani imefunikwa turubai mara ya tatu leo. Nina kiti cha pikipiki mkononi. Nimeshona mstari mmoja, nikaufumua. Nikaushona tena, nikaufumua tena. Mke wangu amenitazama akachoka. "Baba Skola, kama huwezi kushona, sali. Kama huwezi kusali, andika."

Basi naandika.

Nasubiri kusikia kama basi limefika salama Mbaha.

Wanaonisoma siku zote wanajua ugonjwa wangu: naandika habari za mabasi ya mjini yaliyokuja kuzeekea huku kwetu. Mimi ni fundi wa viti vya magari, kibanda changu kinatazamana na stendi, na macho hayana pazia. Nikimwona mmoja namwingiza kwenye daftari. Nawaita wastaafu. Yuko wa Maguu, hana matairi, anatunza magunia ya kahawa. Yuko wa Litumbandyosi, amegeuzwa duka la mbolea, na wateja bado wanaingia mlango wa nyuma na kutokea wa mbele kama wanawahi kazini. Yuko wa Mbamba Bay, ndani yake kuna kinyozi.

Wa nne alikuwa hapa hapa Mbinga, nyuma ya mashine ya kusaga. Milango miwili, vyuma vya kushikilia juu, na ubavuni, chini ya vumbi, neno POSTA, kituo chake cha mjini, likisomeka kwa shida kama jina kwenye msalaba wa zamani. Alilala pale miaka mitatu. Kuku wa mwenye mashine walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Niliwahi kuandika hapa kwamba mzee huyu amepata uzee mzuri kuliko wengi wetu.

Baada ya Pasaka akapata tajiri mpya. Akapakwa rangi ya bluu, akaandikwa NEEMA TUPU kiooni, akarudishwa barabarani. Nami nikaitwa kushona viti.

Sasa niseme jambo ambalo sijalisema hata kwenye kitubio.

Kazi ilikuwa nzuri. Nyekundu na nyeusi, uzi mara mbili. Nilitoa manyoya ya kuku kwenye sponji, na yai moja lililokauka. Viti vilipokwisha nikaanza kubandika kapeti sakafuni. Mstari wa tatu kutoka nyuma nikakuta tundu, upana wa sahani ya wali. Nikainama. Nikaiona ardhi. Nikaliona na bomba la breki, limezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kukazwa kwa waya.

Nikamwita makenika. "Hii je?"

"Hiyo ya muda tu, fundi. Litabadilishwa. Wewe bandika."

Nikabandika. Nilipaka gundi pembe zote nne, nikakanyaga mpaka kapeti likashika. Tajiri alipoingia akasema, gari limekuwa jipya kabisa. Nikafurahi. Mungu wangu, nilifurahi.

Juzi Alhamisi nikapanda basi hilo hilo kwenda Mbaha. Kesho kigango cha kule wana sikukuu ya somo wao, na nilikuwa napeleka matakia mapya ya viti vya altareni. Huku kwetu gari haliondoki bila sala. Konda anasimama mlangoni anauliza nani atuombee, na kama nimo, shingo zote zinanigeukia, kwa kuwa naongoza jumuiya na nimejaliwa sauti. Nikasimama. Nikamkabidhi Mungu dereva, nikamkabidhi matairi, nikamkabidhi kona moja baada ya nyingine. Breki nilizitaja mara mbili. Ikaitikiwa amina moja iliyotikisa vioo.

Kisha nikaenda kukaa kiti cha mlangoni.

Viti vingine vilikuwepo. Nilichagua kile.

Tulipoanza kuteremka, ziwa likiwa limeshaonekana chini linang'aa kama bati jipya, nikauona mguu wa dereva. Dereva ni Sikstus, kijana wa watu, mpole, hana hata mwezi kwenye gari lile. Mguu ukakanyaga. Ukakanyaga tena. Mara ya tano nikajua. Akarudisha gia ndogo, gari likalia kama ng'ombe, akalilaza kwenye ukingo wa udongo upande wa kulia. Kioo cha pembeni kikaenda zake. Nyanya za mtu zikamwagika ngazini. Hakuna aliyeumia.

Mimi nilikuwa tayari nje.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka nimesimama barabarani, viatu vyote miguuni, na basi bado linatembea. Hakuna aliyeniona, au aliyeniona alidhani nimetupwa. Wakashuka mmoja mmoja, wakanijia na mikono miwili kunishukuru. Bibi mmoja wa Mbaha, muuza dagaa, akanishika viganja akapaza sauti, "Sala ya huyu baba ina meno! Akisali huyu, shetani mwenyewe anashushwa njiani, anatembea kwa miguu!" Watu wakacheka kile kicheko cha waliopona. Nami nikacheka.

Makenika akaja na pikipiki, akaingia chini, akatoka na mikono imelowa oili ya breki. "Tayari." Tukapanda tena. Nikakaa mlangoni tena.

Jana jioni, nimesharudi kwa gari jingine, akaja Mama Remigia, mwenyekiti wa kwaya yetu ya parokia. Uso unang'aa. Kwaya imealikwa kuimba kwenye sikukuu ile, na wamepata usafiri. "Tumekodi lile la bluu, Baba Skola! Viti vyako vimetukosha, halafu Bwana ameshaonyesha mkono wake pale. Na wewe utakuja utuombee."

Mke wangu anaimba sauti ya pili. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kitenge wakati Mama Remigia anasema hayo.

Nikajibu, "Sawa."

Hilo ndilo neno nililolitoa.

Leo asubuhi nimechukua kisu cha kukatia sponji nikaenda stendi. Basi lilikuwa limeegeshwa tupu, konda anakunywa chai upande wa pili. Nikamwita Mama Remigia kwa simu, akaja na kapu lake la sokoni. Nikapiga magoti mstari wa tatu kutoka nyuma nikakata kapeti langu pande tatu, nikalifunua kama jalada la kitabu. "Mama, njoo uone."

Akainama, akaishika rozari shingoni isining'inie. Akaona ardhi. Akaona mpira na waya, na tone moja limening'inia, halidondoki wala haliondoki.

"Tundu hili ulilijua lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Kumbe ndiyo maana wanasema Alhamisi ulisali kwa sauti kubwa vile."

Nikataka kujieleza, nikasema makenika aliniambia, nikasema tajiri. Akanyanyua mkono. "Mungu ulimwambia ya nini, Baba Skola? Yeye alikuwa anajua. Sisi ndio tulikuwa hatujui."

Akachukua kapu lake akashuka. Akiwa chini akageuka, "Mama Skola anajua?" Nikatikisa kichwa. "Basi nenda kamwambie mwenyewe. Mimi sitakusaidia hapo."

Nilimwambia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza tu kama juzi nilikaa mbele au nyuma. Nikamwambia mlangoni. Akasema, "Haya," akaenda kupepeta mchele uliokwisha pepetwa.

Kwaya imevunja makubaliano ya lile la bluu. Wamepata gari jingine la kesho alfajiri. Nilidhani nimeshatua mzigo, kumbe basi halina kwaya peke yake.

Niliporudi stendi, konda alikuwa ameshalirudishia kapeti, ameweka gunia la unga juu yake, anaita Mbaha, Mbaha, bado viti viwili. Ndani watu kumi na wanne. Kiti cha pili yumo bibi yule wa dagaa. Alipanda mjini jana na biashara yake, ameuza, beseni tupu liko mapajani. "Shikamoo, bibi," nikasema. "Marahaba, baba. Nimelisubiri hili hili. Nimeyaacha magari mawili. Hili lina sala yako."

Konda akapiga makofi. "Wazee, tumepata bahati, fundi wetu yupo. Mzee, tuombee twende."

Vichwa vikainama. Wengine walishafumba macho.

"Leo sisali," nikasema. Sauti yangu niliyojaliwa ikatoka nyembamba kama uzi. "Shukeni kwanza. Kuna tundu kule nyuma, chini ya gunia. Njooni muone breki zenu."

"Mzee, unatuharibia kazi!" konda akasema. Kutoka kiti cha nyuma mmoja akadakia, "Atakuwa amenyimwa kazi ya kushona mapazia huyo!" Wakacheka. Wanne wakaja kuangalia. Watatu wakachukua mizigo yao wakashuka. Wa nne, mama mwenye mtoto mgongoni, akaangalia, akaguna, akarudi kukaa. Mgonjwa wake yuko kule, na gari jingine ni kesho.

"Bibi, shuka," nikamwambia yule wa dagaa.

"Mimi Alhamisi nilishaombewa, baba. Haijaisha bado."

Nikaenda dirishani kwa Sikstus. Alikuwa ameishika simu sikioni, tajiri anasikika hadi nje. Nikamwambia mstari gani, chini ya gunia lipi, na nani aliyefunika. Akanitazama kama mtoto anavyomtazama baba aliyemdanganya. "Baba, haya maneno ungeniambia siku ya kwanza. Nashuka nalo ule mlima kila siku." Hakwenda kuangalia. Akawasha. Saa sita na robo wakaondoka, watu kumi na mmoja, bila sala.

Kituo cha polisi kiko hatua chache tu kutoka stendi. Sikwenda. Nilijua swali la kwanza litakuwa nani alibandika. Nimekaa kibandani nikajiambia nimeshasema, nimeshasema. Lakini kusema kwa watu kumi na mmoja waliokwisha kukaa ni kama kumpa mtu mwavuli akiwa ameshalowa.

Mbaha ni mwendo wa saa tatu. Saa tisa imepita. Saa kumi imepita. Nimempigia Sikstus mara sita, hapatikani. Kule njiani mtandao unakuja na kuondoka, najua. Mama Skola ameleta chai, ameiweka karibu na simu, amekaa. Tumesali fungu moja la rozari, nikapotea katikati, hesabu yangu ikawa kona badala ya Salamu Maria.

Nimejiuliza juzi nilikuwa naomba nini hasa. Naona niliomba nisijulikane.

*

Saa kumi na moja kasoro.

Simu imeita. Sikstus. Upepo mwingi nyuma yake.

"Baba, nipo juu. Sijateremka."

Nikaibana simu sikioni.

"Nilipofika pale ziwa linapoanza kuonekana, mguu ukakataa. Nikasimama, nikaenda nyuma, nikatoa gunia. Nimeona. Nimezima gari, ufunguo uko mfukoni. Tajiri anapiga, sipokei."

"Na watu?"

"Yule mama mwenye mtoto amepata lori la mchanga na wenzake wawili. Wengine wanateremka kwa miguu. Bibi yako wa dagaa ametangulia mbele ya wote na beseni kichwani. Anasema kesho ukifika Mbaha upite kwake, ana maneno na wewe."

Nikasema nitapita.

"Fundi," akasema. Hakuniita baba. "Njoo uchukue kapeti lako."

Simu imekatika, na mimi bado nimeishika. Mama Skola amefuta macho kwa ncha ya khanga, halafu amenywa ile chai yangu yote.

Tajiri atapata dereva mwingine. Mwenye njaa yupo siku zote, na makenika wa "ya muda tu" yupo. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nakwenda kituoni, nalipeleka jina langu kwanza, kisha habari ya tundu. Wakiuliza nani alibandika, nitajibu. Kazi za viti stendi huenda zikakauka. Nimeshona maisha yangu yote, nitashona hata magunia.

Na kesho alfajiri nakwenda Mbaha na kwaya. Wakinitaka nisali nitasali, ila nitakuwa nimeshalizunguka gari na tochi, chini na juu, nao wakiniona. Nimemwomba Mama Skola aniwekee kiti.

Ameuliza wapi.

Nimesema nyuma kabisa, mbali na mlango.