Nani Anayefungua Barua Zangu

2 Mei

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku machimboni. Sisi wazima, ila vumbi la mawe tunalinywa kama chai. Wewe hujambo? Mgongo wako na pasi ile nzito mnaelewanaje? Mama anaamkaje siku hizi?

Nina jambo moja tu. Mkataba wangu wa ufundi mitambo unakwisha mwezi huu. Meneja ameshanipa karatasi ya miaka miwili mingine. Nikisaini, itaondoka na gari la mizigo mwisho wa mwezi. Nisiposaini, narudi nyumbani na mke wangu. Tangu mama aliponiambia nisikanyage mlangoni kwake, kwa kuwa nimeoa huku bila yeye kumwona mkwe wake, sijasikia sauti yake. Wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Muulize kwa niaba yangu: atatupokea, sisi wawili? Nikikosa jibu nitajua mlango bado umefungwa, nami nitasaini. Sitakulaumu.

Simu huku haishiki kabisa, kwa hiyo tumia kompyuta niliyokutumia. Mke wangu ndiye karani wa ofisi. Barua zote za kambi zinafika kwake, anazichapa na kutugawia saa ya chakula. Hata hiyo programu ya kukinga virusi aliiweka yeye kabla hatujaifunga kompyuta kwenye boksi. Usisahau nilivyokuambia: kikitokea kidirisha kinachouliza jambo usilolijua, bonyeza Zuia. Matapeli wamejaa humo.

Mdogo wako


4 Mei

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha. Mimi mzima, mgongo unalalamika lakini unafanya kazi, kama wafanyakazi wengi. Wewe je, kifua na hilo vumbi? Funga kitambaa puani, usione haya.

Barua yako imenitoa machozi kwenye shuka za watu ninazozipiga pasi. Nilimsubiri mama mpaka jioni, wakati wa kumkata kucha, maana hapo ndipo hana pa kukimbilia. Nikamweleza yote. Akanyamaza mguu mzima. Nilipohamia mguu wa pili akasema, "Kwani huko hakuna magari ya kurudi?" Ndiyo hivyo. Unamjua, kwake hilo ni sawa na kukuandalia kitanda. Nilipomtaja mkeo alivuta mguu, nusura nimkate kidole, lakini hakusema hapana. Njooni wote, tutamlainisha polepole.

Usisaini, mdogo wangu. Mama amepungua. Usiku anaomba kwa sauti, na jina lako ndilo la kwanza. Mimi ndiye wa pili, na ndiye ninayemfulia.

Nimeishika barua hii mkononi kwa dua kabla ya kuituma, yaani nimeishika kompyuta.

Dada yako


13 Mei

Dada,

Habari za huko? Natumaini nyote ni wazima. Sisi hatujambo.

Sijaona jibu. Labda kazi ni nyingi, au mama hajasema kitu na wewe unatafuta namna ya kuniambia. Niambie tu. Hata kama ni baya, baya la kwako nitalipokea.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Mungu akulinde. Mimi mzima, mama mzima.

Hujaona jibu vipi? Nilikuandikia siku ya pili tu baada ya yako kufika. Mama amesema uje. Narudia ulione: uje.

Nimekaa nikafikiri, na mimi si mtu wa kufikiri vibaya, unanijua. Upande wangu nilifanya kila kitu kama ulivyoniagiza. Nilipobonyeza Tuma kilitokea kidirisha chenye ngao kikauliza maneno mengi. Nikakumbuka matapeli, nikabonyeza Zuia, nikaweka na alama pale penye "Kumbuka jibu langu" ili kisinisumbue tena. Barua ikajifunga ikaondoka. Sasa angalia: barua zako zinanifikia mimi bila shida. Kama njia ingekuwa mbovu, ingekuwa mbovu pande zote mbili. Njia ni nzima. Basi tuulize nani amekaa katikati.

Sisemi kitu. Nauliza tu: nani anayefungua barua zangu kabla yako? Na ukiuliza huko, uliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa.

Dada yako


22 Mei

Dada,

Salamu. Natumaini mnaendelea vizuri.

Nimeelewa. Mke wangu anaangalia barua kila asubuhi kabla hata hajavua koti, anasema kutoka kwako hakijaingia kitu. Nilitaka kujipa moyo, lakini kimya nacho ni jibu, na mimi mwenyewe nilisema nitalisoma hivyo. Jana nilimwambia meneja kwamba nitasaini.

Kitu kimoja kinaniuma. Mama kunikataa nilikwisha kuzoea. Sikujua kama na wewe ungeshindwa kuniandikia hata mistari miwili.

Msalimie.

Mdogo wako


23 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Mungu anaona.

"Anasema hakijaingia kitu." Nani anasema? Yeye. Nani anayeangalia? Yeye. Nani aliyeweka hiyo programu ndani ya kompyuta yangu kabla haijafungwa kwenye boksi? Yeye huyo huyo. Unaniambia ni ya kukinga virusi. Mimi naona ni mlinzi aliyetumwa kwangu kusoma ninachoandika. Kila nikiwasha, kile kingao kipo pembeni kinanitazama kama jirani mmbea.

Nitasema sasa na ukikasirika kasirika. Mkeo hataki uje nyumbani. Akija hapa atakuwa mkwe wa mtu, huko ni karani na funguo za ofisi ziko kiunoni. Ameolewa nawe bila kutuona, amekuweka mbali, na sasa anameza barua za mama mgonjwa. Mwanamke anayeiba sauti ya mama asimfikie mtoto wake simwiti wifi. Namwita mwizi. Na kama unasoma hii wewe karani kabla yake, soma vizuri, nimeandika kwa herufi kubwa makusudi: MWIZI.

Mama nimemsomea hii barua. Amegeukia ukutani.

Dada yako


27 Mei

Mdogo wangu mpendwa, na yeyote anayeichapa hii,

Nawasalimu kwa unyenyekevu. Sisi wazima kwa miili.

Naomba kwanza, kama bado kuna muda, usome barua yangu ya tarehe nne na uiache ile ya ishirini na tatu. Nitaeleza kwa nini, na ukimaliza utanicheka au utaniacha, vyote ni haki yako.

Leo asubuhi niliifunga kompyuta kwenye kanga nikaipeleka kwa Fundi Waya, yule baba mnene mwenye duka la kuchapa karatasi. Sikwenda kutengeneza kitu. Nilikwenda kutafuta ushahidi. Nilimwambia anionyeshe ni saa ngapi barua zangu zilifunguliwa huko machimboni na nani, nikuletee ukweli mbele ya meneja. Fundi akaniuliza kama nina uhakika zilitoka hapa. Nikamwambia mimi si mtoto, zilitoka mbele ya macho yangu. Basi akaniambia nimwandikie yeye, aliyekaa mkono mmoja kutoka kwangu. Nikaandika "Shikamoo Fundi", nikabonyeza Tuma, barua ikajifunga. Tukasubiri kwenye kompyuta yake. Akanunua karanga, akala, akamaliza. Hakuna.

Akanigeukia akasema, "Basi na mimi nimeiiba, mama."

Nikamsogezea kompyuta.

Alianza na neno la siri, akaliandika upya, hakuna. Akabadilisha mtandao akatumia wa kwake, hakuna. Ndipo akafungua kile kingao. Ndani mle kuna ukurasa unaoandika kila kitu ulichokijibu. Tarehe nne, programu ya barua iliomba ruhusa ya kutoa barua nje, na aliyeikatalia ni mimi. Kile kidirisha hakikuwa cha tapeli. Ilikuwa ni kinga yenyewe inauliza, mwenye nyumba, huyu anayetaka kutoka na barua unamjua? Nami nikasema simjui, mzuie, na ukumbuke nilivyosema. Ikakumbuka. Kuanzia siku hiyo haikuniuliza tena, ikawa inazikamata zote kimyakimya. Zinazoingia inaziangalia na kuziachia, zinazotoka inazishika. Barua zangu zote zilikuwa zimerundikana humu ndani ya kompyuta, hazikuwahi hata kuvuka kizingiti.

Niliuliza kwa nini mkeo aliweka kitu kikali namna hii. Fundi akasema ameweka vizuri, yeye mwenyewe angeweka hivyo hivyo, na kama mkeo angekuwa jirani yake, angemwomba amsaidie kazi dukani. Hakuizima. Alifuta jibu langu tu, akaipa programu ya barua ruhusa, akaacha ulinzi mwingine wote kama ulivyo.

Sasa sikia. Alipokuwa anataka kubonyeza kitufe cha mwisho nikakumbuka ile ya ishirini na tatu. Nikamshika mkono. Nikamwambia, subiri Fundi, kuna moja humo nataka kuitoa. Akasema, "Ipi?" Na kidole kilikuwa kimeshashuka. Zikaondoka zote mbele yangu, moja baada ya nyingine. Ya Fundi ilipiga kengele kwenye kompyuta yake, akaitikia marahaba. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la karatasi nikimwomba Mungu akate umeme nchi nzima.

Usisaini. Na kama umesaini, nifichie aibu yangu kwa wifi.

Dada yako


29 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Zimefika zote. Gari la mizigo lilikuwa linapakiwa na karatasi yangu ilikuwa imesainiwa tangu jana yake, iko ndani ya mfuko wa dereva. Mke wangu alikuja mbio mpaka karakana, jambo ambalo halifanyi, akiwa na kurasa mkononi. Alikuwa amezichapa zote na kuzipanga, ila ile ya MWIZI aliiweka juu kabisa. Nilisimama chini ya mtambo nikaisoma, naye amesimama ananitazama nasoma. Nilipomuuliza kwa nini hakuitupa, akasema, "Kwani ilikuwa yangu?" Kisha akanionyesha ile ya tarehe nne, yenye maneno ya mama, akaniambia kimbia, dereva hajawasha.

Nilikimbia. Karatasi nimeirudisha, nimeichana mbele ya meneja, amenuna. Gari lijalo la abiria nitapanda. Mwambie mama.

Lakini nitakuja peke yangu, dada. Yeye amesema atabaki na kazi yake. Hakulia wala hakugombana. Amesema tu kwamba nyumba ambayo imemaliza kumhukumu kabla hajavua viatu, hana la kwenda kufanya huko. Nimembembeleza usiku na mchana. Na amesema kweli. Nitakaa na mama kadiri nitakavyoweza, halafu nitarudi kwa mke wangu. Nitagawanyika hivyo hivyo.

Mdogo wako


30 Mei

Wifi yangu,

Barua hii ni yako. Najua inafika kwako kwanza, kwa hiyo safari hii sikuandika jina la mdogo wangu juu yake.

Hujambo? Kazi za ofisi zinaendaje? Hatujawahi kuulizana hali mimi na wewe, na hilo lilikuwa deni langu, mimi mkubwa. Nilikuita jina ambalo nisingemwita mtu aliyeniibia kweli. Nimelipeleka kwa Mungu kwenye sala, lakini huko haliishii, nimeona lazima nilipeleke na kwako. Nisamehe. Usipoweza sasa, weka mahali, utanisamehe siku ukiweza.

Jana nilimsomea mama barua ya mumeo, yote, na ile sehemu yako nikairudia kwa kuwa alitaka airudiwe. Akauliza kama ni kweli ulimpelekea mumeo barua ya kukutukana kwa mikono yako mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ungeweza kuifuta na asijue mtu. Nikasema ndiyo. Kisha akasema huyo ndiye anayemtaka ampimie dawa, maana mimi nampunguzia sukari kwenye chai na kuapa nimeweka. Hilo nalo ni kweli, wifi, nami nilidhani hakuna anayelijua, kumbe mama alijua.

Nimemwambia umesema huji. Aliomba nimkalishe vizuri, akaniamuru niandike maneno yake bila kuongeza, na amekaa hapa akisikiliza vitufe:

"Mwambie karani, mimi ndiye mama wa nyumba hii, na mimi sijamhukumu, nilikuwa nimenuna tu. Mwanangu akishuka kwenye hilo gari peke yake, sitamfungulia. Arudi na gari hilo hilo akamchukue mke wake."

Ndiyo maneno yake. Milango imefungwa, wifi, na funguo amezilalia. Mimi mwenyewe nimefungiwa ndani mpaka ufike.

Wifi yako